Kuwaendeleza wafanyakazi wa maktaba: mwongozo kamili kwa wakuu wa maktaba Unguja na Pemba

Malalamiko yanayorudi kila mwaka kutoka maktaba za skuli, vyuo na ofisi ni haya: tumempeleka mtu mafunzo, karudi na cheti, na miezi miwili baadaye kaunta inaendeshwa vilevile. Kompyuta ipo, programu ipo, lakini anayeijua ni kijana mmoja. Siku akiumwa, maktaba nzima inarudi kwenye daftari.

Kosa si la aliyepelekwa. Mafunzo yalitangulia na kazi ikabaki ilivyo, basi alichojifunza hakikupata pa kukaa. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Unaanza kwa kuijua kazi, kisha unamjua mtu, ndipo unafundisha, tena ndani ya maktaba yako, kwa vitabu vyako na maswali ya wasomaji wako.

Umelengwa kwa maktaba yenye wafanyakazi watatu hadi kumi na watano. Mzunguko mzima ni wa mwaka mmoja, na hauharakishiki kwa ajili ya ripoti.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari tatu kubwa: la kazi, la maswali ya kaunta, na la maamuzi. Kila moja lina hatua yake hapa chini.
- Kompyuta moja isiyokuwa ya kaunta. Ya zamani inatosha, maadamu inafungua programu ya maktaba.
- Nakala ya pili ya programu, kwa mazoezi tu. Kama mnatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, haina ada ya leseni, kwa hiyo fundi wenu anaweza kuweka kanzidata (hifadhi ya taarifa za vitabu na wasomaji) ya mazoezi pembeni bila gharama ya programu.
- Betri ya akiba ya kuishikilia kompyuta umeme unapokatika.
- Fomu za karatasi za kuazimisha na kupokea vitabu.
- Barua kutoka kwa mkubwa wako inayokubali saa moja ya mafunzo kila wiki kabla ya kufungua mlango. Ipate kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo huvunjika wiki ya kwanza wageni wakija.
- Fungu dogo la nauli. Kwa walioko Pemba, weka na la malazi, maana boti haikungoji umalize kikao.

## Hatua ya 1: Andika kazi kama zinavyofanyika

Weka kando muundo wa utumishi. Muundo unakwambia nani ni mkutubi na nani ni msaidizi, haukwambii nani hupanda ngazi kukagua ukungu kwenye rafu za juu baada ya mvua za masika.

Kwa wiki moja, andika kila kazi unayoiona ikifanyika: kupiga magazeti muhuri, kusajili kitabu kipya, kukiainisha (kukipa namba ya somo lake), kubandika lebo, kurudisha vitabu rafuni, kusaka kilichopotea, kumwonyesha mwanafunzi namna ya kutafuta, kuziba ukurasa uliochanika, kuzungumza na mwalimu aliyeleta darasa bila taarifa. Zote ni kazi, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kuzipa jina.

Kisha chora jedwali. Kazi zishuke upande wa kushoto, majina ya wafanyakazi yakae juu. Kwenye kila kisanduku tia namba: 0 hajui, 1 anaweza akisaidiwa, 2 anaweza peke yake, 3 anaweza kumfundisha mwenzake.

Angalia mistari yenye mtu mmoja tu wa 2 au 3. Hapo ndipo maktaba yako inapoweza kukwama kesho asubuhi, na mara nyingi si kwenye kompyuta. Huwa ni kuainisha vitabu vya dini, au kujua ramani zimewekwa kabati gani.

Tahadhari. Siku ya kwanza waite wote, uwaeleze unachokifanya na kwa nini. Mkuu anayepita na kalamu akiandika nani anajua nini huonekana anaandaa orodha ya uhamisho, na ukishaogopewa kila mtu atakwambia anajua kila kitu.

Utajua imefaulu pale kila mfanyakazi atakapoisoma safu yake na kuirekebisha kwa mkono wake, hasa atakapojishusha namba mwenyewe.

## Hatua ya 2: Kaa na kila mmoja peke yake

Nusu saa yatosha. Usikae nyuma ya meza yako kubwa. Kama wewe ni mdogo kwake kwa umri, na siku hizi wakuu wengi ni wadogo kwa wale wanaowaongoza, shikamoo itangulie na cheo kikae nje. Mwambie: "Bi mkubwa, nimekuja unieleze kazi, maana wewe umeijua kabla yangu." Iseme ikiwa unaiamini, kwa sababu ni kweli.

Uliza mambo manne:

1. Kazi gani hapa unaifanya wewe tu?
2. Wasomaji wanakuuliza nini ambacho unalazimika kuwaambia "hatuna"?
3. Mwakani wakati kama huu ungependa uwe unaweza kufanya nini?
4. Kitu gani mwilini kinakuzuia? Macho, mgongo, vumbi?

Swali la nne wengi hulipita, na ndilo linalofungua milango. Mfanyakazi wa miaka hamsini na kitu anayesemwa kuwa "hataki kompyuta" mara nyingi haoni kilichoandikwa. Uwezo wa jicho kuona vitu vya karibu hupungua kwa watu wengi baada ya miaka arubaini. Kwenye kadi za orodha ya vitabu alikuwa akijisaidia kwa kuisogeza mbali au kuipeleka dirishani, skrini haisogei. Basi badala ya kusema haoni, anasema hana muda.

Mpeleke kliniki ya macho kabla ya kumpeleka semina. Wakati akingoja miwani, kuza herufi: shika kitufe cha Ctrl, bonyeza cha kujumlisha mara kadhaa. Geuza skrini isitazamane na dirisha. Marekebisho haya hayachukui dakika tano, na yamewarudisha kazini watu waliokwisha hesabiwa kuwa wameshindwa.

Vumbi na ukungu pia si mambo ya kudharau. Anayekohoa kila akiingia stoo apewe barakoa au apangiwe kazi nyingine.

## Hatua ya 3: Acha maswali ya kaunta yachague cha kufundisha

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mkuu huchagua mafunzo kwa kusikia wengine wanafundisha nini. Wewe chagua kwa kusikiliza wasomaji wako.

Weka daftari la maswali kaunta, na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Kwa wiki mbili za kawaida, kila swali liandikwe kwa mstari mmoja: ameuliza nini, amejibiwa au hakujibiwa, na ameelekezwa wapi. Jina la msomaji lisiandikwe kabisa. Anachokisoma mtu ni siri yake, na daftari la majina halifai kukaa wazi juu ya meza.

Mwisho wa wiki mbili, kusanya yale yasiyojibiwa na uyapange kwa makundi. Tarajia kukutana na haya:

Marejeo ambayo hayapo. Mwanafunzi wa chuo anakuja na orodha ya makala aliyopewa na programu ya akili mnemba. Mfanyakazi anatafuta, hapati. Mmoja anadhani maktaba haina, mwingine analaumu intaneti. Ukweli ni kwamba programu hizi huweza kutunga jina la makala, la mwandishi na la jarida, vyote vikionekana sawasawa. Wafundishe wote njia ya kukagua: tafuta kichwa cha makala kikiwa ndani ya alama za kunukuu, kama hakitokei, nenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe, fungua juzuu na toleo lililotajwa, tazama kurasa zile zina nini. Zikiwa na makala nyingine, rejeo ni la uongo. Halafu umweleze mwanafunzi kwa upole. Hakudanganya yeye, kadanganywa.

Makala zilizofungwa kwa malipo. Taasisi za Tanzania zinaweza kujisajili kwenye Research4Life, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, na kupata majarida mengi ambayo yangelipiwa. Usajili ni wa taasisi, si wa mtu binafsi. Tatizo linalojitokeza ni kuwa neno la siri linajulikana na mfanyakazi mmoja tu. Hilo halihitaji semina, linahitaji dakika kumi na mkuu mwenye msimamo.

Hati za zamani. Mtafiti anataka nyaraka za serikali za enzi ya ukoloni au ya usultani. Hizo ziko Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kumwambia tu "nenda Kilimani" hakutoshi. Mfanyakazi aliyewahi kufika pale akaona namna mtafiti anavyojiandikisha na kuomba faili atamwelekeza mtu vizuri zaidi kuliko yule aliyesikia tu. Pangeni siku muende pamoja.

Fomu za mtandaoni. Mzee anataka kujaziwa maombi. Wapo wakutubi wanaosema hiyo si kazi ya maktaba. Mimi nasema ni kazi yetu, kwa sharti kwamba mwenyewe anakaa pale pale, taarifa zake anazisoma yeye, na maneno yake ya siri hayabaki kwetu.

Mitihani iliyopita. Inaulizwa kila siku na haihitaji mafunzo. Inahitaji faili moja lililopangwa kwa somo na mwaka, liwekwe karibu na kaunta.

Sasa chagua makundi matatu tu ya kufundishia mwaka huu. Ukichagua manane, utayagusa yote na hutamaliza hata moja.

## Hatua ya 4: Waunganishe wawili wawili

Kila jozi iwe na mzoefu mmoja na kijana mmoja, na kila mmoja awe mwalimu wa mwenzake. Kijana peke yake akifanywa mwalimu, mzoefu atajiona amevuliwa nguo mbele ya watu, na hatarudi kwenye kiti kile.

Mzoefu anafundisha nini? Mengi ambayo kompyuta haiyajui.

Chukua majina. Mwandishi mmoja ameandikwa Abdulla kwenye kitabu kimoja, Abdallah kwenye kingine, Abdalla kwenye cha tatu. Vivyo hivyo Mohamed, Mohammed na Muhammad. Kompyuta inahesabu hao ni watu watatu, vitabu vyake vinatawanyika, na msomaji anaona theluthi tu. Mzoefu anamjua mwandishi, pengine anaujua na mtaa wake. Yeye ndiye aamue tahajia ipi itumike kwenye kataloji, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, na zile nyingine zielekezwe huko.

Chukua namba za Dewey, zinazopanga vitabu rafuni kwa masomo. Uislamu wote umewekwa chini ya 297, wakati Ukristo umeachiwa sehemu kubwa ya namba za mia mbili, ambazo ni za dini. Kwenye maktaba nyingi za Zanzibar 297 ndiyo rafu iliyojaa kuliko zote za dini, kwa hiyo anayeainisha hulazimika kuamua: fikihi ikatwe wapi, sira iende wapi, namba iongezwe tarakimu ngapi kabla lebo haijashindwa kuenea mgongoni mwa kitabu. Maamuzi hayo yamo kichwani mwa mtu mmoja. Kijana aulize, mzoefu aeleze, kijana aandike kwenye daftari la maamuzi: tarehe, kitabu, namba, sababu.

Hapo hapo mfundisheni kila mgeni tofauti ya 496.392 na 896.392. Ya kwanza ni lugha ya Kiswahili, ya pili ni fasihi yake. Kitabu cha mashairi kikipotelea kwenye sarufi, msomaji anaambiwa hakipo nacho kimo jengoni.

Na kama mna vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa khati za Kiarabu, anayeweza kuzisoma ni hazina yenu. Mpangie muda asome kurasa za mwanzo, kijana aingize taarifa.

Tahadhari. Kijana asiishike mausi wakati wa zamu ya mzoefu kujifunza. Atatamani, maana anaona njia fupi. Mkono wa mwanafunzi usipogusa, kichwa hakishiki.

Utajua imefaulu siku utakapomkuta mzoefu anapokea vitabu kwenye kompyuta bila kumwita mtu, na kijana anamwelekeza mwanafunzi kwenye rafu bila kuuliza.

## Hatua ya 5: Saa moja kila wiki, kwa mpangilio huu

Mpangilio una sababu yake. Anza na yale ambayo mtu hawezi kuharibu kitu.

Wiki ya 1 hadi ya 3: kutafuta. Kila mmoja atafute vitabu kumi anavyovijua viko rafuni. Ambavyo havitokei viandikwe. Mtafundishana na papo hapo mtagundua makosa ya kataloji yenu.

Wiki ya 4 hadi ya 6: kuazimisha na kupokea, kwenye kanzidata ya mazoezi. Akosee anavyotaka. Akiharibu, inafutwa na kuwekwa upya.

Wiki ya 7 hadi ya 12: kuingiza kitabu. Sheria ya kwanza: tafuta kabla ya kuunda. Rekodi mbili za kitabu kimoja ndiyo takataka inayojaa haraka kuliko nyingine. Sheria ya pili: usiandike kwa mkono kilichokwisha andikwa. Koha inaweza kuvuta rekodi iliyotengenezwa na maktaba nyingine, kwa mfano Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa njia iitwayo Z39.50. Vitabu vya Kiingereza vingi mtavipata. Vilivyopigwa chapa hapa Zanzibar vingi hamtavipata, na hapo ndipo ujuzi wenu unapohitajika kweli, kwa sababu msipoviorodhesha nyinyi hakuna mwingine atakayeviorodhesha.

Baada ya hapo: kurekebisha kataloji halisi, kila jozi ikiwa na rafu yake.

Msitupe kadi. Droo ya kadi iondolewe tu pale rafu yake yote imelinganishwa kitabu kwa kitabu na kompyuta, na watu wawili wametia saini. Nakala ya akiba ya kanzidata itunzwe nje ya jengo.

Mara moja kwa mwezi izimeni kompyuta ya kaunta kwa makusudi, nusu saa, na mwendeshe kwa fomu za karatasi. Kisha ziingizwe zote kabla ya kufunga. Umeme ukikatika kweli, hakuna atakayewaambia wasomaji warudi kesho.

Mafunzo haya msiyaanze Ramadhani, wala msimu wa mitihani. Saa za kazi zinafupika, au kaunta inafurika, na wiki mbili mkizikosa mfululizo mtakuwa mmeanza upya.

## Hatua ya 6: Mafunzo ya nje, na masharti yake

Sasa, baada ya kujua pengo liko wapi, ndipo inafaa kumpeleka mtu. Anayehitaji cheti au stashahada anaweza kufikiriwa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa ujuzi mfupi, angalia kwanza jirani zako. Maktaba za vyuo vikuu vya Tunguu zina watu wanaoifanya kazi hiyo hiyo kila siku, na siku mbili za kukaa nao zinaweza kuzidi wiki ya semina hotelini.

Walioko Pemba wapige hesabu kabla. Nauli na malazi ya watu wanne kwenda Unguja huenda yakazidi gharama ya kumleta mkufunzi mmoja Chake Chake, akawafundisha na wa skuli za jirani.

Kabla hajaondoka, andikeni karatasi moja: anakwenda kujifunza nini, akirudi atawafundisha wenzake lini, na atakabidhiwa kazi gani mpya. Sharti la mwisho ndilo linaloamua. Akirudishwa kwenye kiti chake cha zamani na majukumu yale yale, ujuzi utapotea kabla ya mwisho wa robo mwaka.

Asiende bosi kila safari. Aende anayekaa kaunta.

## Hatua ya 7: Pima kila miezi mitatu, na ushukuru kwa maandishi

Rudi kwenye jedwali la hatua ya 1. Unachokitafuta ni mistari michache zaidi yenye mtu mmoja tu. Rudisha pia daftari la maswali kwa wiki moja, ulinganishe yasiyojibiwa.

Mshahara pengine hauko mikononi mwako. Barua iko mikononi mwako. Andika ukurasa mmoja unaotaja kazi aliyoimudu, mpe nakala, nyingine itie kwenye faili lake. Siku ya kupandishwa daraja, barua yenye kazi iliyotajwa kwa jina ina uzito kuliko "anajituma sana".

Na asiyekubali kabisa? Mchunguze upya kwa swali la nne. Ikiwa macho yako sawa, hofu imeondolewa, muda umetolewa, na bado hataki, muulize anapenda nini. Wapo ambao hawatakaa sawa na kompyuta lakini wakiwasomea watoto hadithi Jumamosi chumba kizima kinatulia. Wapo wenye mikono ya kushona vitabu. Mpe kazi hiyo kwa heshima yake. Kaunta, hata hivyo, isiendeshwe na asiyetaka kutafuta, kwa sababu anayeumia hapo ni msomaji.

## Hatua ya 8: Anayekaribia kustaafu

Tarehe yake ya kustaafu imo kwenye faili. Anza mwaka mmoja kabla.

Mwezi wa kwanza, pita naye rafu kwa rafu huku mwenzake akiandika. Muulize vitabu vipi viliingia bila kusajiliwa, zawadi gani zililetwa na nani kwa sharti gani, makasha ya stoo yana nini. Mkikubaliana, mrekodi kwa simu, ila mpate ridhaa yake na mwandike yaliyosemwa wiki hiyo hiyo, maana sauti iliyolala kwenye simu haisomwi na mtu.

Miezi sita ya mwisho, kazi zake zianze kufanywa na mwenzake huku yeye akiangalia. Hapa wakuu wengi hukosea mpangilio: wanamwacha afanye mwenyewe hadi siku ya mwisho kwa sababu anafanya haraka zaidi.

Wiki ya mwisho iwe ya makabidhiano tu. Funguo kwa orodha, maneno ya siri yabadilishwe, daftari la maamuzi lisainiwe na wawili. Muulize pia kama mtaruhusiwa kumpigia simu, na saa zipi zinamfaa, muandike jibu lake nyuma ya jalada la daftari hilo hilo.